Nihame Winnipeg kisa mtaa wa kutembea?

Anti shikamoo, na wasomaji wenzangu habari zenu. Mimi mama wa watoto wawili, kwetu Tanga, hapa Winnipeg, Kanada, mwaka wa saba sasa. Mume wangu kapata kazi Halifax, huko pwani ya mashariki ya Kanada, wanataka jibu mwisho wa mwezi, na yeye kaniachia mimi niamue, ndo usingizi umekata.

Julai tulienda siku nne kuangalia mazingira. Jamani, mji una watu kama laki tano tu lakini katikati kumechangamka! Spring Garden Road jioni wanafunzi, wazee, watu na mbwa wao, unaingia ile maktaba waliyofungua 2014 unapanda mpaka juu unaiona bahari, bure kabisa, halafu unashuka kilima (magoti yangu yanakijua) unatokea bandarini, unatembea kando ya maji mpaka uchoke, ukitaka unapanda kivuko unavuka Dartmouth. Ile harufu ya bahari ilinikuta kwenye benchi nikalia, baba watoto akadhani naumwa.

Sasa huku kwetu Winnipeg watu wamepita laki saba na nusu, ila ofisi zikifungwa mjini kunabaki upepo na maparking. Pale njia panda ya Portage na Main, katikati ya mji, walizuia watu kuvuka kwa miguu tangu 1979, unapita chini ya ardhi kama panya, wamekuja kufungua juzi juzi 2025. Baridi ikianza ndo watu wote wako kwenye yale madaraja ya vioo ya kutoka jengo hadi jengo, mtaani huoni mtu. Sisemi ni pabaya, Exchange District ina majengo ya zamani mazuri mno na The Forks, kule sokoni kando ya mito, wikiendi kunanoga, ila kwenda huko mpaka tupange kama safari.

Tatizo hapa tuna nyumba tayari, tuna wenzetu wa kupika nao Idi, na mtoto akiumwa usiku najua nani wa kumpigia. Halifax kodi ya vyumba vitatu mjini tulipoulizia tuliangaliana tu. Tungeishia Sackville, kule pembeni nje ya katikati ya mji, kwa hiyo hiyo Spring Garden yenyewe ningeiona wikiendi, sasa si yale yale ya The Forks? Mume wangu ananicheka, eti mtaa haupiki ugali.

Anti nishauri. Na mlioko Halifax niambieni ukweli, Januari ile mitaa bado ina watu au tuliiotea Julai tu?

Mama wawili, Winnipeg