Mdogo wangu, fungua pole ndipo muda utashuka

Colorado Springs, Marekani
Oktoba 2025

Mdogo wangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Mpe Mama shikamoo, na Bibi shikamoo yake, na umwambie Bibi dawa ya presha asiiruke hata siku moja. Mimi mzima, alhamdulillah. Baridi imeshaanza, asubuhi majani yanaganda, lakini sikukaa kuandika ili nikuhadithie baridi.

Nimesikiliza sauti zote ulizonitumia. Mama naye alinipigia, akasema tangu uanze kujiandaa na usaili wa kujitolea Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, hukai. Kila alfajiri unatoka mbio hapo Tanga, Makorora mpaka Raskazone, unarudi hoi, huli, unashinda umelala kibarazani. Anahofia utaumia kabla hata hujaitwa. Nimeona nikuandikie kwa sababu simu ikishakatwa nusu ya maneno hupotea, na haya nataka uwe nayo mkononi. Msomee na yeye.

Umesema umekimbia kilomita 3: ya kwanza dakika 4 na sekunde 5, ya pili 5:10, ya tatu 5:50. Jumla 15:05. Unasema tatizo lako ni pumzi. Mimi nikizitazama hizo namba naiona pumzi ipo, tena nzuri. Kinachokuangusha ni kilomita ya kwanza. Mtu ambaye wastani wake ni dakika 5 kwa kilomita akifungua kwa 4:05, misuli inadai oksijeni kuliko moyo na mapafu vinavyoweza kuleta. Mwili unatafuta nguvu kwa njia ya mkato, na hiyo njia inalipiwa. Ndiyo maana ukifika usawa wa Bombo miguu inakuwa mizito, kichomi kinakubana, na kilomita ya mwisho unaikokota.

Jumamosi fungua kwa 4:55. Utajisikia unachelewa, na hao wenzako wa mtaani watakuacha. Waache waende. Ishike hiyohiyo kilomita ya pili, na ya tatu ukiwa na akiba, itoe yote mita 500 za mwisho. Ukifanya hivyo utaingia 14:45 au chini yake, kwa miguu hiyohiyo na pumzi hiyohiyo. Naamini hivyo kabisa.

Najua utanitajia mkimbiaji wetu wa zamani, Filbert Bayi, kwa kuwa nyumbani kwetu jina hilo tumelikuta. Ni kweli: tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch, alishika mbele tangu mwanzo na hakupitwa na mtu. Mita 1,500 kwa 3:32.16, rekodi ya dunia, na John Walker aliyemfuata naye alikuwa chini ya rekodi ya zamani. Lakini Bayi alikuwa anaijua kasi yake. Aliijenga kwa miaka, na aliweza kuibeba mpaka kwenye utepe. Wewe ile 4:05 huwezi kuibeba hata nusu ya safari, kwa hiyo bado si yako. Utaifikia, ila si mwezi huu.

Mtazame Simbu badala yake. Mwezi uliopita, Tokyo, Alphonce Simbu, askari wa JWTZ, alichukua dhahabu ya marathoni ya dunia kwa 2:09:48, akimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu 3 za mia ya sekunde. Kilomita 42 nzima, halafu wanatenganishwa na kifua! Ile ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Wameingia uwanjani yuko nyuma, akapata nguvu ya kumfikia pale mwishoni. Ile nguvu haikushuka ghafla. Aliitunza tangu kilomita ya kwanza. Nililia peke yangu chumbani.

Sasa nikueleze mtihani wetu wa mazoezi wa huku, kwenye Jeshi la Marekani ninakotumikia, maana umeniuliza mara nyingi. Tangu tarehe 1 Juni mwaka huu unaitwa AFT. Una mambo matano, nayo yanafanywa siku moja kwa kufuatana: kunyanyua chuma kutoka chini mara tatu, pushapu za kuinua viganja vikiacha ardhi, kisha mita 250 za kwenda na kurudi ambamo unatoka mbio, unaburuta sleji, yaani kigari kisicho na magurudumu, ya kilo 41, unakwenda ubavu ubavu, unabeba vyuma viwili vya kilo 18 kila kimoja, na kumalizia na mbio. Baada ya hapo unajishikilia kwa viwiko mwili ukiwa umenyooka. Mbio za maili 2 ndizo za mwisho, umeshachoka. Kila jambo lazima upate pointi 60 kati ya 100, jumla isipungue 300, na walio kwenye kazi za mapigano wanatakiwa 350.

Maili 2 ni kama mita 3,219. Kwenye uwanja wa riadha ni mizunguko 8 na mita chache. Hapo ndipo hesabu inaposaidia: anayetaka dakika 18 anatakiwa azunguke kila mita 400 kwa dakika 2 na sekunde 14, wala si 1:50 ya kwanza halafu 2:30. Anayetaka dakika 16 anahitaji kama 1:59. Unaingia uwanjani na namba moja tu kichwani, na kila ukipita kwenye mstari unajua uko wapi.

Nilipohamishiwa hapa, maili 2 zilikuwa zinanichukua dakika 21. Mji huu uko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, hewa nyepesi, na mimi ni mtoto wa pwani. Aliyenishushia muda ni sajini wetu mmoja, mwanamke mwenye watoto wawili. Hakunipa siri yoyote. Alikuwa anakimbia bega kwa bega nami na kuniambia, nisimulie kitu. Nikamsimulia Mapango ya Amboni, popo wanavyotoka jioni, na hadithi za Bibi kuhusu mapango hayo yanakofika. Kila sentensi yangu ilipokatika katikati kwa kutweta, alinishika mkono tupunguze. Siku nyingi za wiki zilikuwa hivyo, mbio za kuongea. Sasa nafunga maili 2 kwa dakika 18 na sekunde chache, kwenye mlima huuhuu.

Mbio za taratibu ndizo zinazoufundisha moyo kusukuma damu nyingi kwa kila pigo, na mishipa midogo ya damu kuongezeka ndani ya misuli. Kazi hiyo huchukua wiki na miezi, na ukikimbia kufa na kupona kila alfajiri mwili haupati nafasi ya kuimaliza. Wewe umekuwa ukifanya mtihani kila siku. Siku za mazoezi umezikosa kabisa.

Kwa hiyo panga wiki upya. Kimbia siku nne. Siku mbili ni za kuongea, dakika 30 mpaka 40, na kama huna wa kuongea naye soma sura fupi kwa sauti. Ukishindwa kumaliza aya bila kutweta, punguza. Siku moja ni ya kasi: pima mita 400 kwa utepe wa fundi, maana simu hudanganya kwenye miti, kisha zikimbie mara 6, kila moja kwa dakika 1 na sekunde 52 hivi, na katikati tembea dakika 2. Ya sita iwe sawa na ya kwanza. Ikiwa ya kwanza ni 1:40 na ya sita ni 2:05, siku hiyo haihesabiki. Siku ya nne ni dakika 20 mfululizo kwa kasi ya kukaza, ile ambayo unaweza kusema maneno matatu au manne tu. Baada ya wiki kadhaa ongeza kidogo, usiongeze umbali na kasi wiki moja. Siku zinazobaki fanya pushapu, tembea, au pumzika. Kupumzika nako ni zoezi, Mama na alisikie hilo.

Ukihisi maumivu kwenye ugoko, yatazame vizuri. Yakiwa yametapakaa na yanapoa ukipumzika siku mbili tatu, ni uchovu, punguza. Lakini yakiwa sehemu moja ambayo ukiibonyeza kwa kidole unaruka, na yanauma hata umekaa, acha kukimbia, nenda hospitali. Hiyo inaweza kuwa nyufa kwenye mfupa. Hapa nimewaona makuruta wakiificha kwa kuogopa kurudishwa nyuma, wakaishia kukaa miezi na magongo. Na usikimbie na mabuti sasa hivi. Kambini, iwe Maramba au Mgambo au kokote utakakopangwa, mtapewa mabuti na mtaimba mchakamchaka nayo mpaka mchoke. Kwa sasa nimetuma hela kwa namba ya Mama, nunua raba. Hata za mtumba zinafaa, ila geuza soli uangalie kisigino. Ikiwa imelika upande mmoja iache, hata kama juu inang'aa.

Joto la Tanga si adui mdogo. Pwani hewa imejaa unyevu, jasho linatiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Toka baada ya swala ya alfajiri, urudi kabla jua halijapanda, au subiri jioni upepo wa bahari unapovuma. Kunywa maji mchana kutwa, usingoje kiu. Ukimwona mwenzako mbioni anayumba, anaongea visivyoeleweka, mwili wa moto, msimpeleke kwenye bodaboda kwanza. Mwekeni kivulini, mmwagieni maji mengi mwili mzima, mumpepee huku mkiita msaada. Dakika za mwanzo ndizo zinazookoa.

Mama, hapa ni pako. Mtoto huyu asikimbie na njaa halafu ashinde na chai. Mandazi na mbaazi ale akirudi, kabla ya kutoka ndizi moja inatosha. Mchana apate maharage au dagaa na mchicha, na chungwa la Muheza pembeni, kwa sababu chungwa husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye mboga, na chuma ndicho kinachojenga damu ya kubebea oksijeni. Chai inazuia chuma, kwa hiyo aisogeze saa moja au mbili baada ya kula. Na wewe mdogo wangu, ukiona pumzi imeshuka ghafla, unachoka kwenye mbio ulizokuwa unaziweza, usijilazimishe ukidhani ni uvivu. Nenda ukapime malaria na wingi wa damu, upimwe na minyoo. Kwa watu wa pwani yetu hiyo ni sababu ya kawaida kuliko watu wanavyodhani, na hakuna zoezi linaloiponya.

Nataka ufike kambini mzima, na nataka sana uchaguliwe. Nilipokuwa naondoka, baada ya ile bahati nasibu ya viza, ulikuwa unabeba begi langu mpaka stendi na huongei. Sasa unaota ndevu na unataka kuvaa kombati. Najivunia, na ninakuombea kila swala.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi ya huko itakuwa saa tatu usiku wa Ijumaa huku, nitakuwa macho. Ukimaliza tu, nitumie namba tatu, kilomita moja moja, usinitumie jumla peke yake. Wasalimie majirani wote wa Makorora, na shangazi wa Chumbageni umwambie kitenge chake nakileta mimi mwenyewe likizo ikitoka.

Wako akupendaye,
Dada