Mheshimiwa Waziri, ufunguo wa dosye yangu uko kwa nani?

Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu ya Juu na ya Vyuo Vikuu, Kinshasa

Mheshimiwa Waziri,

Mama yangu anauza bitoyo, samaki wakavu, kwenye soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Siku mbili baada ya matokeo ya mwaka jana, mtu alimpigia simu akasema yeye ni wa aparitora, ofisi ya kuandikisha wanafunzi ya chuo chetu. Akataja majina yangu yote matatu, matrikule (namba yangu ya mwanafunzi), tarehe ya kuzaliwa, asilimia niliyopata, na deni langu la minervali (karo) bila kukosea hata dola moja. "Mama, mutoto yenu anabakiza dola makumi ine, tuma leo asikose kuandikishwa." Mama akatuma. Angekataaje? Mimi mwenyewe, kwa habari zote hizo, ningetuma.

Yule tapeli hakuvunja kompyuta ya mtu. Alisoma liste tu. Kuna mtu ofisini aliyeunganisha liste ya juri, walimu wanaoamua matokeo, na ile ya finansi, akamtumia mkuu wa promosio yetu (darasa letu la mwaka), naye akaitia kwenye grupu ya WhatsApp kwa nia njema, maana sote tulikuwa tunamsumbua tangu asubuhi. Kufikia jioni ilikuwa imeingia hadi kwenye grupu ya kwaya ya parokia. Safu ya mwisho ilikuwa na namba za simu za wazazi.

Nilipokwenda kulalamika, sekretari mmoja, mtu mpole ambaye sina ugomvi naye, alinijibu: "Liste ni ya chuo, si yako." Neno hilo ndilo linalonifanya nikuandikie wewe, wala si yeye.

Sisemi matokeo yafichwe. Kwetu valve, ubao wa matangazo, ina kazi yake: liste ikibandikwa ukutani siku ya matokeo, jina la mtu aliyefeli haliwezi kuota miguu usiku likahamia kwa waliofaulu. Wanafunzi wenyewe wangekuwa wa kwanza kupinga matokeo ya siri. Lakini kwa kazi hiyo matrikule na uamuzi wa juri vinatosha. Deni langu na simu ya mama vinamlinda nani pale?

Sheria tunayo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2006 kinalinda maisha binafsi ya kila mtu na siri ya mawasiliano yake. Sheria ya Dijitali, ile namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inampa mwenye habari haki ya kuziona, kuzisahihisha na kupinga zinavyotumiwa. Marekani walilifikiria jambo hili katika shule mwaka 1974, enzi ya makabati ya chuma, wakati sisi chuo chetu kilikuwa bado kipande cha UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Sheria yao, FERPA, inasema mwanafunzi akishaingia chuo kikuu haki juu ya dosye yake (faili la habari zake) zinatoka kwa mzazi na kuwa zake. Chuo kikitaka kumpa mtu wa nje pointi zake, kwa kawaida kinahitaji ruhusa yake ya maandishi. Ina milango yake ya nyuma, kwa mfano mzazi anayemtunza mwanafunzi kwa hesabu za kodi anaweza kuonyeshwa. Hata hivyo, swali la nani ameruhusu lina jibu.

Najua wazee watasema anayelipa minervali ana haki ya kujua. Ni kweli, na mama huwa namwonyesha pointi zangu mwenyewe, hata zile za kuaibisha. Tatizo langu si mama.

Ninachokuomba ni maagizo kwa vyuo vyote, kwa sasa hivi kila kimoja kinajitengenezea mfumo wake wa intaneti. Kila mwanafunzi anapofungua akaunti yake aone nani ameifungua dosye yake, siku gani, kutoka ofisi gani. Mwajiri au ubalozi ukitaka kuhakikisha diploma, mwanafunzi ndiye atoe namba ya muda, inayoonyesha diploma peke yake na kufa baada ya siku chache. Na liste zenye simu na madeni zisitoke ofisini kabisa.

Jambo moja dogo ambalo wataalamu wa Kinshasa huenda hawalioni: wengi wetu tuliandikishwa kwenye vibanda vya fotokopi karibu na chuo, kwa sababu ya kukosa mashini au kuraa (umeme). Kijana wa kibanda ndiye aliyetufungulia barua pepe, ndiye aliyechagua neno la siri, na mara nyingi ameliandika kwenye daftari lake. Mfumo wowote utakaoleta, bila meza pale aparitora ambapo mwanafunzi anajiwekea neno la siri kwa mkono wake, utakuwa umempa ufunguo huyo kijana.

Mama amebadilisha simkadi. Wateja waliozoea namba ya zamani bado hawampati. Mwaka huu kwenye fomu ya kuandikishwa, pale penye "simu ya mzazi", nikaacha wazi. Aparitora wamenirudishia fomu. Wanasema haijakamilika.

Kwa heshima,

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Lubumbashi