Sindano zimempa mama magoti, lakini vidonge vya presha asiviache

Ndugu Mhariri,

Mama yangu ana miaka 68. Magoti yalimsumbua hata kupanda ngazi ikawa kazi. Mwaka jana akaanza kwenda kwa mtaalamu wa akupancha, ile tiba ya Kichina ya sindano nyembamba, na baada ya wiki chache alikuwa anashuka ngazi bila kushika ukuta. Nilifurahi sana. Kumbe wakati huohuo ameacha vidonge vya presha, maana aliambiwa sindano zitanyoosha mwili mzima. Tulipompima, presha ilikuwa 190 kwa 110.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma, na sikubaliani na wanaosema akupancha ni imani tupu. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliwachoma panya sindano chini ya goti na kuizungusha mara kwa mara kwa nusu saa. Pale ilipoingia, adenosini, kemikali ya mwili inayotuliza maumivu, iliongezeka mara 24. Sindano isiyozungushwa haikuleta nafuu, wala panya waliozaliwa bila kipokezi cha kemikali hiyo hawakuipata. Panya haambiwi kwamba atapona.

Kwa binadamu mambo yana utata zaidi. Ujerumani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, watu 1,162 wenye maumivu sugu ya mgongo waligawanywa makundi matatu. Baada ya miezi sita, nafuu ilionekana kwa asilimia 47.6 ya waliochomwa kwa kufuata kanuni za Kichina, na asilimia 44.2 ya waliochomwa juujuu mahali pasipo na nukta yoyote ya akupancha, yaani zile sehemu za mwili ambazo kanuni hizo zinasema ndizo za kuchomwa. Waliopewa dawa na mazoezi ya kawaida walikuwa asilimia 27.4. Mimi naelewa hivi: kuchomwa kunasaidia, na pengine kuhudumiwa kwa utulivu na mtu anayekusikiliza kunasaidia pia, ila ile ramani ya nukta haina uzito mkubwa kama tunavyoambiwa.

Hayo ni maumivu. Presha ni habari nyingine kabisa. Marekani waliwafuatilia wagonjwa 192 wa presha, matokeo yakatoka mwaka 2006: sindano za kweli hazikuzidi zile za kuigiza. Mwaka uliofuata Wajerumani waliona presha ikishuka baada ya wiki sita za tiba, lakini miezi mitatu baada ya kuacha, nafuu ile haikuwapo tena. Vidonge vya mama ni vya kila siku, na kiharusi hakitoi taarifa.

Kwa hiyo naliomba Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala liwatake wanaotoa huduma hii wabandike ukutani, kwa Kiswahili kinachosomeka, kwamba mgonjwa asiache dawa za hospitali bila kumuuliza daktari aliyemwandikia. Nanyi wahariri, tangazo linaloahidi kuponya presha, kisukari na ugumba kwa sindano, msilipokee hata likija na malipo taslimu.

Mama bado anachomwa, kila Alhamisi, kwa mtaalamu mwingine. Huyu humpima presha kwanza, kisha humuuliza kama vidonge amemeza.

Msomaji wenu,
Tanga