Tiketi za Jumba la Maigizo zirudi dirishani

Mhariri,

Kila viti vinapobaki vitupu katika Jumba la Kitaifa la Maigizo hapa Nairobi, lawama humwangukia mtazamaji. Eti Mkenya hana haja na maigizo. Mpe kandanda na vichekesho vya simuni, ametosheka. Mimi nasema tatizo liko mlangoni, na mlango wa jumba lile una historia yake.

Lilifunguliwa Novemba 1952, wiki chache tu baada ya gavana kutangaza hali ya hatari Oktoba 20. Huku nje Waafrika wakikamatwa kwa maelfu, mle ndani wazungu wakitazama michezo ya kwao. Linatazamana na hoteli ya Norfolk, kwenye barabara ambayo leo ina jina la Harry Thuku, mtetezi wa Waafrika aliyepinga ukoloni, na hapo karibu ndipo umati uliodai Thuku aachiliwe ulipomiminiwa risasi mwaka 1922. Mwafrika aliyepita njia ile hakuhitaji kuandikiwa kwamba mle hamkuwa mwake.

Uhuru ulipokuja, bendera ilibadilika upesi kuliko ratiba ya jumba. Oktoba 1976 kulikuwa na tamthilia mbili zilizoteuliwa kuiwakilisha Kenya katika FESTAC, tamasha la sanaa za Waafrika kule Lagos: ile ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo iliyokuja kutafsiriwa kwa jina la Mzalendo Kimathi, na Betrayal in the City ya Francis Imbuga. Zilipewa siku nne nne tu, kwa sababu nafasi ilikuwa imeshatengewa baleti ya Kifaransa na mchezo wa kuchekesha kutoka ughaibuni. Siku hizo chache watu walifurika, na wa Kimathi walitoka wakiimba na kucheza na waigizaji mpaka barabarani. Februari 1982 kikundi cha wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ kilileta Maitũ Njugĩra, mchezo wa Ngũgĩ, kikakuta kufuli na polisi. Kikahamishia mazoezi chuo kikuu, hapo jirani, na maelfu wakaja kuyatazama mazoezi yenyewe bila tiketi, hadi nako kukafungwa. Hao ndio Wakenya wasiopenda maigizo!

Jumba lilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2015, na sina ugomvi na viti wala taa zake. Ugomvi wangu ni jinsi tiketi inavyopatikana. Ukumbi hukodishwa, na kila kikundi hujipangia bei na kujiuzia. Ya mapema ina bei yake, ya mlangoni iko juu zaidi, mara nyingi elfu moja au kupita. Bango la kikundi kimoja nililoliona majuzi lilijaa sura za waigizaji na kile kimraba cha kupiga picha kwa simu, bila bei wala saa. Mlangoni unakuta meza, na nyuma yake kijana anayetaka kuona ujumbe wa M-Pesa. Mwenye noti mbili za mia mfukoni na simu ya kabambe, ile ya vitufe isiyosoma kimraba, hana la kumwambia.

Halafu tazama siku za kuigiza vitabu teule, vile vya fasihi vinavyotahiniwa shuleni. Mabasi ya shule hupanga mstari, watoto wanajaza ukumbi, wanamjibu mwigizaji kabla hajamaliza sentensi. Wakishafanya mtihani wa kidato cha nne, wangapi kati yao hurudi kwa hela zao?

Sivilaumu vikundi. Kuna kodi ya ukumbi, mavazi, mabango, na waigizaji wenye nauli na matumbo kama sisi. Lakini penye nia bei huweza kupangwa. London, katika ukumbi wa Globe wa mwaka 1599, peni moja ilikutosha kusimama uani mbele ya jukwaa. Ulipojengwa upya na kufunguliwa mwaka 1997 waliurudisha ule uwanja wa kusimama, na kwa miaka mingi tiketi yake ilikuwa pauni 5. Wakenya walicheza huko Shakespeare kwa Kiswahili mwaka 2012, na mwenye pauni 5 zake aliwatazama kwa karibu kuliko aliyelipia kiti ghorofani. Kwamba hayo yaliwezekana London na si hapa kwetu, inachekesha kidogo, na inaudhi.

Ninachoomba wasimamizi wa jumba na wizara inayohusika na utamaduni ni kitu kidogo. Mkataba wa kukodi ukumbi uwe na sharti: safu mbili za viti ziuzwe dirishani siku ile ile ya onyesho, saa moja kabla ya pazia kufunguliwa, kwa shilingi 200, taslimu au kwa simu, anayetangulia ndiye anayepata. Kinachopungua kwa kikundi kikatwe kwenye kodi ya ukumbi, maana jumba ni la umma na ushuru wetu ndio unaolilisha. Na bango lolote lisibandikwe ukutani pale kama halina bei na saa.

Mtazamaji wa kiti cha nyuma,
Umoja, Nairobi