Hukulipia kijiko cha maji

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mambrui alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Alikuwa amemleta mamake hapa Malindi, kwenye chumba chetu cha tiba ya usemi na kumeza, akalipa shilingi 2,500. Alipofika nyumbani nduguze wakamuuliza bi mkubwa amefanyiwa nini. Akawaeleza alivyoona: amenyweshwa maji kwa kijiko, ameshikwa shingo, ameambiwa aseme "aaa". Wakamcheka. Akaniambia, "Dada, si haki. Maji hata kwetu yapo."

Yeye si wa kwanza. Kila mwezi hunijia maneno hayo kwa sura mpya: hukumdunga sindano, hukumpa dawa, hukumpiga picha, basi ulitoza nini? Kijana nilimpigia simu tukaelewana. Lakini nimeona niandike, maana wapo wengi wanaosema maneno haya pembeni, na mgonjwa ndiye anayeumia.

Kazi yangu siku ile ilianza bi mkubwa hajaketi. Nilimwamkia, akaitikia "Marahaba" kwa sauti ya majimaji, kama mtu anayesukutua. Sauti ya namna hiyo hunionya kwamba huenda mate yamekaa juu ya nyuzi za sauti na mwenyewe hana habari. Alikuwa amepata kiharusi wiki tano nyuma, upande wa kulia ukalegea. Nilimulika mdomo kwa tochi nikakuta chembe za wali zimejificha kwenye shavu la kulia. Nikauliza wamekula wali lini. Jana usiku, wakasema. Usiku kucha zile chembe zilikuwa mle, na mama amelala chali.

Ndipo nikaweka vidole vinne shingoni: kimoja chini ya kidevu, viwili kwenye kikoromeo, cha nne chini yake. Hapo ndipo watu huona nashika shingo tu. Ninachosubiri ni kikoromeo kupanda. Tonge likifika nyuma ya ulimi, pumzi husimama, kikoromeo hupanda juu na kwenda mbele, kidakatonge hufunika mlango wa njia ya hewa, na mlango wa umio hufunguka. Misuli zaidi ya 25 inashirikiana, na sehemu hiyo ya koo haichukui hata sekunde nzima. Kikoromeo kikichelewa kidogo tu, maji yameshapita upande wa mapafu. Cha bi mkubwa kilichelewa, kikapanda nusu, kikashuka.

Hakukohoa. Mwanawe akafurahi, akasema, "Umeona, hapaliwi." Mimi ndipo nikaingiwa na wasiwasi. Mtu anayepaliwa akakohoa, koo lake bado lina mlinzi. Baada ya kiharusi wapo ambao ganzi imeingia mpaka ndani, maji yanashuka mapafuni na kikohozi hakiji. Nilimwambia aseme "aaa" baada ya kila kijiko, na kufikia cha tatu sauti ilikuwa imezidi kulowa. Nikasimamisha hapo. Kwa mkono na sikio siwezi kuona ndani, kwa hiyo nikaandika barua ya rufaa apigwe eksirei ya kumeza, ile mgonjwa anakunywa bariamu, maji meupe yanayoonekana kwenye eksirei, huku picha inatembea kwenye skrini. Kuna na njia ya kamera nyembamba inayopitishwa puani. Mtu anayekwambia ameona kila kitu kwa kijiko peke yake anakudanganya, na mimi sitaki pesa ya namna hiyo.

Sasa nieleze walichokuwa wakifanya nyumbani, maana ndicho kilichonifanya niandike. Bi mkubwa alikuwa akila polepole, saa nzima kwa bakuli moja la uji. Binti mmoja akabuni: kumlaza kwenye mto, kuvuta uji kwa bomba la sindano, kumsukumia mdomoni. Dakika kumi, kwisha. Naelewa kabisa. Anayemuuguza mzee nyumbani ana watoto wa shule, ana kuni, ana duka. Lakini uji wa bomba haumsubiri mgonjwa. Unafika kooni kabla ulimi haujajua, na mtu aliyelala, njia ya hewa iko wazi mbele yake. Kila alasiri bi mkubwa alikuwa akipanda homa kidogo. Wakampima malaria mara mbili, hana.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na mzee wa Barani aliyelishwa vivyo hivyo. Wanawe waliona ada yangu ni kubwa, wakasema watarudi mwisho wa mwezi. Kabla ya mwisho wa mwezi alilazwa na nimonia siku tisa. Akatoka, wakarudia bomba, akalazwa tena. Walipokuja kwangu walikuwa wameshauza ng'ombe. Tulichowafundisha hakikuhitaji ng'ombe: mzee akae wima kabisa, miguu ikanyage chini, kijiko kidogo, ameze mara mbili kabla ya kingine, abaki ameketi nusu saa baada ya kula, na apigwe mswaki asubuhi na usiku. Mswaki watu huupuuza. Mate ya mdomo mchafu yakishuka mapafuni yanashuka na wadudu wake, hata kama mgonjwa hali chochote kwa mdomo.

Takriban nusu ya waliopata kiharusi huwa na shida ya kumeza siku za mwanzo, na wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache. Kwa hiyo ninachouza mara nyingi ni kumvusha mgonjwa salama zile wiki koo linapojifunza upya.

Kuna jambo la uzito wa vinywaji, na hapa naomba mnivumilie kidogo kwa sababu ndilo linalobishaniwa sana. Maji ndiyo magumu kuliko vyote kwa koo lililochelewa, kwa kuwa yanakimbia. Tunayafanya mazito yaende taratibu. Watu wakisikia hivyo wanasema unga wa mahindi wanao. Wengine huleta chai iliyokorogwa kwa wanga mpaka kijiko kinasimama. Wanga wa kawaida huanza kuvunjwa na mate, kwa hiyo kikombe kilichokuwa kizito, mgonjwa akishachovya kijiko chenye mate mara kadhaa, kinakuwa maji tena mkononi mwako. Na kikizidi uzito, hubaki kooni kama gundi, kikateleza baadaye mtu akiwa amelala. Kipimo kipo na ni rahisi. Chukua bomba la mililita 10 lisilo na sindano, ziba tundu kwa kidole, jaza mpaka 10, achia sekunde 10, kisha ziba. Kikibaki chini ya mililita 1, hayo bado ni maji. Kikibaki kati ya 4 na 8, hiyo ni daraja la 2 katika vipimo vya IDDSI, yaani vipimo vya kimataifa vya uzito wa vinywaji na vyakula vya wenye shida ya kumeza, vinavyotumika nchi nyingi, na wagonjwa wangu wengi huanzia hapo. Hii ndiyo kazi pekee ya bomba ninayoikubali nyumbani kwa mgonjwa. Ule mkebe wa unga maalumu ninaouuza, nauuza kwa bei ninayonunulia Mombasa. Risiti ipo mezani, anayetaka aiangalie.

Na si kila mtu anahitaji mkebe. Bokoboko lililopigwa likalainika vizuri, bila nyuzi za nyama, wengi hulimeza kuliko wali. Wali wa chembechembe ni mbaya. Mahamri ni mabaya zaidi, yanafanya donge.

Wapo wanaokuja na tatizo ambalo si langu kabisa, na hao ndio hunilaumu zaidi, maana wanalipa kisha nawaambia waende kwingine. Mvuvi mmoja wa Ngomeni alisema chakula kinakwama kifuani. Kwanza nyama, baadaye mkate, na alipokuja kwangu ilikuwa uji peke yake. Kila tonge alilisukumia kwa bilauri ya maji. Mkanda ulikuwa umehamia tundu ambalo amelitoboa mwenyewe kwa msumari. Alikuwa amekatwa kimio mara mbili, kwa sababu jirani alimwambia kimio ndicho kinachoziba. Kimio hakihusiki hata kidogo na chakula kinachokwama kifuani. Alichoambulia ni damu na kidonda.

Mimi huuliza maswali mawili kabla ya yote. Kigumu ndicho kilichoanza kukusumbua, au maji? Na kinakwama wapi, kooni au chini ya kidari? Anayepaliwa na maji, mara nyingi tatizo liko kooni na kwenye neva, na hapo tunafanya kazi pamoja. Aliyeanza kukwama na vigumu kisha laini, huku anakonda, umio wake unabanwa, na umio una urefu wa kama sentimita 25 ambao vidole vyangu haviufikii. Vyote viwili vikisumbua tangu siku ya kwanza, huenda umio wenyewe umeacha kusukuma. Hawa wawili wa mwisho wanahitaji kamera ya tumboni, haraka. Saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zinazoua watu wengi Kenya, na kusukumia kwa maji kunampa mtu miezi ya kujidanganya. Mvuvi yule nilimtoza nusu, nikaandika barua, nikampigia daktari simu yeye akiwa mbele yangu. Nduguye alisema nimekula pesa bure. Mpaka leo yananiuma, kwa sababu ile barua ndiyo iliyokuwa tiba yake.

Hili la vidonge nalo lisipite. Mgonjwa akishindwa kumeza, watu husaga dawa kwenye uji. Zipo za presha zilizotengenezwa ziingie mwilini kidogokidogo kutwa nzima, kwa mfano nifedipini ya aina hiyo. Ukiisaga, dozi yote inaingia kwa pamoja na presha inaanguka. Bi mmoja wa Shela aliangushwa bafuni hivyo. Muulizeni mfamasia kwanza, kwa sababu mara nyingi ipo ya maji au ya aina nyingine.

Ada ya 2,500 ni ya dakika 45, barua ya rufaa ikihitajika, karatasi ya mlo iliyoandikwa kwa Kiswahili, na simu mbili za kufuatilia ndani ya wiki mbili. Asiyeweza kulipa kwa mkupuo aseme, tutagawanya.

Bi mkubwa wa Mambrui anarudi Jumatano. Anayeleta mgonjwa, amlete na dawa zake zote kwenye pakiti zake, kikombe anachonywea nyumbani, chakula kidogo cha siku ile, na meno yake ya bandia kama anayo. Na aje yule anayemlisha kila siku, hata kama siye anayelipa.