Bushi mbili na sinema uliyoikimbia

Pasua, Moshi
Jumapili jioni

Kwako Elibariki,

Salamu nyingi, na mama mpe shikamoo yangu. Huku wote wazima. Mlima leo umejitoa wote tangu asubuhi, hadi wateja wanaingia karakana shingo zimegeukia nyuma.

Dhumuni la barua hii, kama tulivyofundishwa darasa la tano, ni bushi zako mbili za mashine ya kusaga. Nimezichonga jana na kuzifunga kwenye gazeti. Kondakta wa Kosta atakupigia akifika Arusha. Ndani ya gazeti hilo hilo kuna flashi, na hilo ndilo dhumuni la pili. Najua hapa umeshasonya.

Ndiyo, Mangi. Alien 3.

Siku ya sendofu ya binti wa shangazi yako ulinitangazia mbele ya meza nzima kuwa sinema ile ni uhuni mtupu, na mtu anayeitetea hajawahi kumpenda mtu. Sikujibu kwa sababu nilikuwa na mfupa mdomoni. Sasa mfupa umetoka.

Unakumbuka banda lile la Majengo? Mabenchi ya mbao, runinga moja, na deki iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama mtoto mchanga. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumeona ile ya pili, Aliens, ya James Cameron, ya 1986. Ripley, yule mwanamke shujaa wa sinema zile, anarudi peke yake kwenye kiota cha yale madude ya anga za juu yanayokua vifuani mwa watu, bunduki mkononi, kumtoa binti mdogo Newt. Tulitoka tukipiga mbinja hadi nyumbani. Tukaweka akiba shilingi hamsini hamsini kuisubiri ya tatu, tukijua Ripley, Newt na yule askari Hicks sasa ni familia.

Karanga zetu zilikuwa hazijafika nusu ya karatasi. Moto unazuka kwenye chombo chao cha angani, kidude cha kujiokolea kinaanguka kwenye sayari ya wafungwa, Fiorina 161, na tunaambiwa Newt amezama maji humo humo alimolala. Hicks naye kwisha. Wala hawakufa wakipigana, wamekufa usingizini. Ukasimama, ukasema kwa sauti, "Sasa tulimwokoa wa nini?" Ukatoka. Hukusema alimwokoa, ulisema tulimwokoa. Mimi nilibaki kwa uchungu wa ile hamsini.

Kwa haki, dunia nzima ilikuwa upande wako. Cameron mwenyewe hakuficha kwamba uamuzi ule ulimuudhi. Na fujo ilianzia jikoni: kampuni ya sinema ilishapanga tarehe ya kuitoa kabla hadithi haijakamilika. Waandishi wakapokezana. Mwelekezaji mmoja, Vincent Ward, alitaka sayari ya mbao yenye watawa. Akaondoka, mbao zikatupwa, watawa wakageuzwa wafungwa walioshika dini. Ndipo akaletwa David Fincher, kijana wa video za muziki na matangazo, hajawahi kuongoza sinema ndefu hata moja. Ilipotoka Mei 1992 alikuwa hajatimiza miaka 30. Waligombana naye kila hatua, wakaikata kwa mkasi wao, na mpaka leo haitaki hata kuisikia. Miaka mitatu baadaye akatengeneza Seven, wakajua walikuwa wamemshika nani.

Kwa hiyo sikatai kwamba chungu kiliungua. Ninachosema ni kwamba ulitoka kabla ya chakula kupakuliwa.

Nikueleze kilichonirudisha. Tulipomzika baba kule Kibosho, wewe ulikuwepo mazikoni, lakini siku ya kunyoa ulikuwa umesharudi Arusha. Nilikalishwa kwenye kigoda kati ya migomba, baba mdogo akashika wembe, maji ya mfereji baridi kama barafu. Nywele zinaanguka kwenye majani ya mgomba yaliyotandikwa, na hakuna anayesema neno. Nikapeleka mkono kichwani, nikahisi upepo mahali ambapo sikuwahi kuuhisi. Na katika hali ile, usinicheke, aliyenijia akilini ni Sigourney Weaver, yule aliyemwigiza Ripley.

Kule Fiorina wanamnyoa kipara. Sababu wanayotoa ni chawa, sayari nzima ina chawa. Lakini angalia amenyolewa lini: amefiwa na mtoto siku hiyo hiyo. Sijui kama Wazungu waliotengeneza sinema waliliona hilo. Sisi ndio tunaoweza kuliona. Udogoni nilidhani ni mtindo. Sasa nikimwona, najua yule ni mtu wa msibani, na sinema nzima iliyobaki inatembea kwa mwendo wa matanga: taratibu, vichwa chini, watu wanaongea kwa sauti ya chini wasijue mikono waiweke wapi.

Halafu kuna ile ya daktari. Ripley anaomba maiti ya mtoto ipasuliwe, maana anaogopa dude limejificha kifuani mwake, na hawezi kusema ukweli. Unamkumbuka yule kaka wa form two aliyekuwa anatutafsiria pale mbele kwa malipo ya kuingia bure? Alituambia mama anasema mtoto ana kichaa cha mbwa. Tukakubali wote, kwani si kulikuwa na mbwa? Juzi nimesikiliza vizuri: anasema kipindupindu. Nimekaa karibu miaka thelathini na kichaa cha mbwa kichwani! Daktari naye, Charles Dance, hamwamini hata kidogo, lakini anachukua kisu na kufanya kwa adabu. Kamera haituonyeshi kinachokatwa. Inakaa kwenye uso wa Ripley, na sisi tunasikia tu. Hapo nilisimamisha nikaenda kunywa maji.

Mazishi yenyewe ni kwenye tanuru. Mzee Dillon, kiongozi wa wafungwa, anasimama kuhubiri. Charles Dutton aliyemwigiza aliwahi kufungwa kweli kabla ya kuwa mwigizaji, ndiyo maana maneno yale hayatoki mdomoni mwake kama ya kukariri. Anasema kila mbegu imebeba ahadi ya ua, na miili ile miwili inaachiwa motoni. Wakati huo huo, kwingine gizani, dude linazaliwa kutoka kwa yule mbwa. Anahubiri uhai mpya na uhai mpya unakuja kweli, ila siyo ule aliouombea.

Sasa flashi. Ina mafaili mawili. La kwanza ni ile tuliyoiona Majengo. La pili ni toleo refu lililotoka 2003, limezidi kwa kama nusu saa. Fincher alikataa kushiriki, wakaliunganisha wengine kwa kufuata kumbukumbu za alivyotaka. Humo mbwa hayupo kabisa, dude linatoka kwenye maksai aliyevuta chombo kutoka baharini, na wafungwa hawajui limetokea wapi. Pia yupo Golic, yule mfungwa mwenye akili nusu. Kwenye toleo fupi anapotea tu katikati kama mgeni aliyekwenda chooni. Kwenye hili refu wenzake wanafanikiwa kulifungia lile dude, wanashangilia, halafu Golic anakwenda kulifungulia mwenyewe. Analiita joka, na anaona amechaguliwa nalo. Hapo hadithi inashikana. Ukikata kipande hicho, nusu ya pili inabaki watu wanakimbia tu.

Nisikudanganye, na hata kwenye toleo refu wanakimbia mno. Wote wana vipara, wote wamevaa magunia, taa mbovu, mtu anakufa huku unajiuliza alikuwa nani. Na dude linapokimbia limebandikwa juu ya picha kama stika ya daladala, ingawa walipendekezwa kwa Oscar kwa madoido hayo hayo. Hicks nakupa asilimia mia. Mtu yule alistahili walau dakika moja. Kwa Newt siwezi kukupa. Yule binti aliyemwigiza, Carrie Henn, alikuwa ameshakua, aliacha sinema na baadaye akawa mwalimu, kwa hiyo mtoto tuliyemtaka hakuwepo tena kwa vyovyote.

Jambo moja la kifundi, kwa sababu najua utalidaka. Mwishoni wanalimwagia dude madini ya risasi yaliyoyeyuka. Linazama, halafu linaruka nje zima! Wengi wanasema hapo wameongopewa. Mimi sikushangaa. Risasi inayeyuka kwa nyuzi 327 tu, hiyo si kitu mbele ya chuma. Kinachoua mwili ule ni maji: Ripley anafungulia bomba la juu, gamba linapoa ghafla, linapasuka vipande. Wewe mwenyewe ulinipasulia kichwa cha injini ya dizeli kwa haraka zako za kumwagia maji, na ulitaka kunilaumu mimi. Hiyo ndiyo sehemu ya kisayansi kuliko zote humo ndani.

Na Bishop, yule roboti aliyekatika vipande. Ripley anamfufua kwa nyaya ili amwulize kama dude walipanda nalo chomboni. Anajibu, kisha anaomba azimwe, kwamba hata akitengenezwa hatakuwa tena wa daraja la kwanza. Nina mashine ya kukereza hapa imenunuliwa mitumba kabla hatujazaliwa. Tangu nione kipande kile siwezi kuipiga teke.

Mwisho wake unaujua, kila mtu ameshausikia: Ripley anajiachia kwenye tanuru na kitoto cha dude alichokibeba kifuani, kuliko kuwapa wale wa kampuni aliyoifanyia kazi waliokuja kukichukua wakatengeneze silaha. Toleo fupi wanaonyesha kinatoka kifuani naye anakikumbatia akianguka. Toleo refu anaanguka tu, mikono imetanuka, hakuna kinachotoka. Mimi nachukua la refu.

Bushi kubwa ni ya upande wa puli. Ipake grisi kabla ya kuigonga, na uigonge kwa kipande cha mbao, siyo kwa nyundo tupu kama ulivyofanya mwaka jana. Ukianza kuangalia, anza na faili la pili. Dakika za mwanzo watoto wawe wamelala. Na ukisimama kutoka, safari hii ni sebuleni kwako, sijui utakwenda wapi.

Nisalimie shemeji.

Ndimi,
Aminieli