Aksanti, muzee wa Idjwi

Tulitoka Bukavu watu wanne, tukavuka Ziwa Kivu hadi kisiwa cha Idjwi kupiga filamu fupi kwa pesa zetu wenyewe. Siku ya pili jenereta ya kukodi ikazima, na betri za kamera zote tupu. Mzee mmoja anayechajisha simu kwa sola karibu na bandari akachomoa simu za wateja, akatuachia nafasi mpaka saa tisa. Kisha akaleta bati jipya alilonunua kwa ajili ya paa lake, akalishika mwenyewe kurudisha mwanga wa jua usoni mwa mwigizaji. Mikono ikamchoka, akaliegemeza begani, hakulishusha. Tulipotoa franga alichukua za kuchajisha tu, tena kwa bei ya simu! Jina lake alikataa tuliandike. Muzee, ukingo wa bati lako umeonekana kwenye picha ya mwisho. Hatuukati.